Somo: Sanduku la Sadaka na Ghasia za Moscow, 1771

Ndugu wanavikundi, mwezi huu tunasoma habari za mbali: mji wa Moscow, Urusi, mwaka wa 1771. Tauni ilikuwa imeingia. Ni ugonjwa unaoletwa na viroboto wa panya, ingawa siku hizo hakuna aliyejua hivyo. Kufika Septemba mamia walikuwa wakifa kila siku.

Serikali ilitoa amri juu ya amri. Waliokaa na mgonjwa walipelekwa karantini, vitu vyao vikachomwa moto. Viwanda na masoko vikafungwa, na mtu wa kibarua akabaki hana chakula. Matajiri walikimbilia mashambani. Hata gavana Saltykov aliondoka. Basi maskini wamwamini nani? Wengi waliwaficha wagonjwa wao na kuzika usiku.

Sasa kisa chenyewe. Watu walijazana kwenye lango moja la mji penye picha takatifu ya Mama Maria, wakiibusu na kutoa sadaka. Askofu Mkuu Amvrosy aliona msongamano ule ni hatari, na hapo tunasema alikuwa sawa. Lakini jioni ya tarehe 15 Septemba, kwa kalenda yao ya zamani, alituma watu pamoja na askari kulipiga sanduku la sadaka muhuri. Pesa za watu, jioni, na askari! Ninyi wenye sanduku la kikundi mnajua maneno yatakayofuata. Ikavuma eti Mama wa Mungu anaibiwa. Kengele zikapigwa. Kesho yake umati ulimtoa askofu katika monasteri ya Donskoy ukamwua, na karantini zikavunjwa. Jeshi lilifyatua mizinga, watu wengi wakafa, na baadaye wanne walinyongwa.

Malkia Katerina wa Pili akamtuma Grigory Orlov. Huyu naye alikuwa mkali kwa waporaji, lakini alianzisha kazi za kulipwa kwa wasio na kibarua, na kila aliyepona akatoka hospitali alipewa nguo na pesa: ruble 10 kwa mwenye ndoa, 5 kwa asiyeoa au kuolewa. Mtu akawa na sababu ya kumpeleka mgonjwa wake. Baridi kali nayo ilisaidia, tauni ikapungua.

Swali la kujadili kikundini: Kabla ya sanduku lile kufungwa, askofu angewaita akina nani wahesabu sadaka mbele ya watu, na saa ngapi?