Watu wa Sunderland, Mji Uliokopesha Jina Msimbazi

Ndugu mwanachama, ukivuka bahari kwenda Dar es Salaam, na shughuli zako zikakufikisha Kariakoo, hapana budi utapita Mtaa wa Msimbazi, na hapo utaonyeshwa jengo la klabu ya Simba. Kijana yeyote atakueleza habari za Simba. Lakini ukimpata mzee aliyekwisha kula chumvi nyingi, yeye atakuambia kuwa zamani hapakuwa na Simba hapo, palikuwa na Sunderland.

Mzee huyo asema kweli. Klabu ile ilianzishwa mwaka 1936. Kwanza iliitwa Queens, kisha Eagles, kisha ikachukua jina la Sunderland, na kwa jina hilo ndiyo ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, na tena mwaka uliofuata. Jina la Simba lilikuja mwaka 1971. Basi kwa miaka mingi watu wa Kariakoo, Gerezani na Ilala walilitaja jina la mji ambao wengi wao hawakupata kuuona hata katika picha. Somo letu la leo ni juu ya mji huo na watu wake, kwani jina la kuazima lina mwenyewe, na yafaa mwenyewe ajulikane.

Sunderland iko kaskazini mashariki ya Uingereza, mahali Mto Wear unapoingia baharini. Mji huo uliishi kwa kazi mbili kubwa: kuchimba makaa ya mawe na kuunda meli. Makaa yalishushwa mtoni kwa mashua, yakapakiwa katika meli, na meli zenyewe zikaundwa palepale ukingoni. Ulikuwa mji wa moshi, nyundo na baridi kali, na wengi wa watu wake walikuwa wafanyakazi wa kawaida.

Mtu wa kwanza tutakayemtaja aliishi kabla ya moshi huo. Jina lake ni Beda, mtawa aliyezaliwa karibu na mwaka 673. Mwaka 674 ilijengwa nyumba ya watawa penye mlango wa Mto Wear, nayo mafundi wa vioo wakaletwa kutoka nchi iitwayo leo Ufaransa ili watie vioo madirishani. Beda aliingizwa katika nyumba hiyo akiwa mtoto wa miaka 7, baadaye akahamia nyumba ya pili ya watawa haohao huko Jarrow, na maisha yake yote yakawa ni kusoma, kufundisha na kuandika. Alimaliza kitabu chake cha historia ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, akafa mwaka 735. Ile desturi ya kuhesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Nabii Isa, tunayoiona katika kila risiti ya karafuu, hakuianzisha yeye. Lakini vitabu vyake vilisaidia sana kuieneza.

Kwetu sisi watu wa visiwani, Beda apendeza zaidi kwa sababu nyingine. Alichunguza maji ya bahari. Katika kitabu alichokiandika mwaka 725 alieleza kuwa kujaa na kupwa hufuata mwezi. Kwamba kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 48 kuliko siku iliyotangulia. Na kwamba bandari mbili za pwani moja si lazima zijae kwa wakati mmoja, bali kila moja ina saa yake. Nahodha wa Wete au wa Mkokotoni atacheka akiambiwa kuwa hii ni elimu kubwa, maana bamvua na maji mafu aliyajua tangu utoto wake. Ni kweli. Lakini manahodha wengi wamekufa na elimu yao kifuani. Beda aliiandika, akaweka na hesabu, na ndiyo sababu miaka 1,300 baadaye twaweza kuisoma.

Na tukiwa bado kwa Beda, kuna jambo la kufurahisha. Lile jengo la Soko la Kariakoo lenye paa la zege mfano wa miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini ili ikinge maji ya mvua, lile lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuunguzwa na moto Julai 2021, lilichorwa na Mtanzania, Bwana Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Jina Beda ndilo jina la mtawa yule. Hivyo mtaa uliokopa jina la Sunderland kwa mpira ukapata pia soko lililochorwa na mtu mwenye jina lililotoka ukingo uleule wa mto. Hakuna aliyelipanga hilo.

Tuje kwa baharia Jack Crawford, aliyezaliwa Sunderland mwaka 1775, mwana wa mtu wa mashua za makaa. Alikamatwa kwa nguvu akatiwa katika jeshi la wanamaji, kama ilivyokuwa desturi mbaya ya zama zile. Mwaka 1797 Waingereza walipigana na Waholanzi baharini penye pwani ya Camperdown. Mzinga ukavunja mlingoti wa meli ya amirali, bendera ikaanguka. Bendera kuanguka ilikuwa hatari, kwa maana meli nyingine zingeweza kudhani kuwa amirali amesalimu amri. Crawford akaparamia kilichobaki cha mlingoti huku risasi zikipita, akaipigilia bendera kwa misumari. Waingereza wakashinda, naye akapewa posho ya pauni 30 kwa mwaka, na watu wa mji wake wakamtunukia nishani ya fedha.

Mwisho wake haukuwa mzuri. Ulevi ulimshika, akaiuza hata ile nishani. Mwaka 1831 kipindupindu kiliingia Uingereza kwa mara ya kwanza, nacho kiliingilia bandari ya Sunderland. Crawford alikuwa miongoni mwa waliokufa mwanzo kabisa, akazikwa kimaskini. Unguja nayo ilipigwa na ugonjwa huohuo zaidi ya mara moja katika karne ileile. Bandari hupokea mema na mabaya kwa mlango mmoja. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 1890, miaka karibu 60 baada ya kufa kwake. Mtu aweza kuuliza kwa nini gharama za sanamu hazikutolewa mkate alipokuwa hai.

Joseph Swan alizaliwa hapo mwaka 1828, akafundishwa kazi katika duka la dawa. Kwa miaka mingi alihangaika kutia uzi wa kaboni katika tungi la kioo lisilo na hewa ili uwake kwa umeme bila kuungua, na mwanzoni mwa mwaka 1879 aliionyesha taa yake hadharani. Marekani, Thomas Edison alikuwa akishughulika na jambo hilohilo. Badala ya kumalizana mahakamani, wawili hao waliunganisha kampuni zao Uingereza mwaka 1883. Mwaka huohuo Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib, jumba linalojulikana kuwa la kwanza Unguja kuwaka taa za umeme.

Sasa mpira wenyewe. Mwaka 1936, mwaka ambao klabu ya Kariakoo ilizaliwa, Sunderland ya Uingereza ilikuwa bingwa wa ligi ya nchi yake, na mwaka 1937 ikachukua Kombe la FA kwa kuifunga Preston 3-1. Si ajabu jina kama hilo likapendeza masikioni mwa vijana. Nahodha wa fainali ile alikuwa Raich Carter, mzaliwa wa mji huohuo, ambaye klabu nyingine ilipata kumkataa kwa kuwa ati ni mdogo wa mwili. Yeye mwenyewe alitia goli moja siku ile.

Kuna na kipa wao, Jimmy Thorpe, ambaye kwao ni Jarrow, si Sunderland; lakini hawezi kuachwa. Februari 1936 alipigwa mateke akiwa ameukumbatia mpira. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na baada ya siku chache akafa, umri wake miaka 22. Baada ya hapo sheria ikakataza mchezaji kuinua mguu kuufuata mpira ulio mikononi mwa kipa. Kila kipa anayedaka leo katika kiwanja cha vumbi cha Pemba analindwa na sheria hiyo.

Mji ule nao umebadilika. Viwanda vya meli vilifungwa mwaka 1988, na mgodi wa makaa wa Wearmouth mwaka 1993. Juu ya ardhi ya mgodi ukajengwa uwanja wa mpira, ukafunguliwa 1997. Wakulima wa karafuu wataelewa jambo hili upesi kuliko wengine. Sisi tulimtegemea sana mnunuzi mmoja, Indonesia, hata alipopanda mikarafuu yake ya kumtosha, bei ikatuangukia. Watu wa Sunderland walianza kuunda magari ya Nissan mwaka 1986, kabla milango ya mwisho ya viwanda vya meli haijafungwa. Wengi walioachishwa kazi za meli hawakuipata ya magari.

Je, Kariakoo ilikosea kuliacha jina? Kwa maoni yangu, hapana. Taifa lilikuwa changa, na klabu yenye wanachama wake, mtaa wake na vikombe vyake haikuhitaji tena kuitwa kwa mji wa watu. Mei 2025 Simba ilikuja Unguja kucheza mkono wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane ya Morocco, katika uwanja wa Amaan. Ilikuwa imefungwa 2-0 ugenini. Hapa ikatoka sare 1-1, kombe likaenda Morocco.