Andika Jina la Mteja Kabla ya Kufunga Pesa Kibindoni



Tuanze na swali. Dalali wa viazi anayefika Isongole au Uyole ana kitu gani ambacho mkulima hana? Shamba la viazi hana. Jembe hana. Mara nyingi hata lori si lake, amekodi. Lakini msimu ukifika yeye ndiye anayetaja bei, na mkulima anaitikia tu.

Sababu ni kwamba dalali ana majina. Anajua nani pale Mwanjelwa anataka viazi vikubwa vya chipsi. Anajua nani wa Dar es Salaam anapokea mzigo usiku. Namba zao zote zimo katika simu yake. Hiyo ndiyo mali yake, na inamlisha mwaka mzima.

Hatusemi kwamba dalali ni mtu mbaya. Wapo wanaofanya kazi ya maana, maana si kila mkulima anaweza kuacha shamba akalale sokoni. Lakini mwenye mnunuzi mmoja tu hana bei. Bei anapewa. Wakulima wa nyanya wa Ilula wanalijua sana jambo hili. Kitunguu cha Ruaha Mbuyuni kikikaushwa vizuri kinaweza kungoja. Viazi navyo vinangoja kidogo. Lakini nyanya ikishaiva haimngoji mtu. Tenga likikaa siku chache bila mnunuzi, basi tena, hasara.

Kwa hiyo leo tunajifunza jinsi mkulima au mchuuzi anavyoweza kuwa na majina yake mwenyewe. Vyombo ni viwili: daftari na simu. Vyote viwili unavyo. Kinachokosekana ni mazoea.

Mazoea ya kwanza ni haya. Ukishauza, kabla hujafunga pesa kibindoni au kuzitia mfukoni, andika. Usiseme, "Nitaandika jioni." Jioni utakuwa umechoka, na watu watano uliowauzia watakuwa wamechanganyika kichwani. Fungua daftari hapohapo. Andika tarehe, jina la mteja, mahali anapofanyia kazi, namba yake ya simu, alichonunua, kiasi gani na kwa bei gani. Mwisho ongeza neno moja la kumkumbuka: "anataka vikubwa", au "hulipa mwisho wa mwezi", au "hununua kila Ijumaa". Neno hilo moja lina faida kuliko unavyodhani, tutaona hivi punde.

Kiasi kiandikwe kwa kilo, si kwa magunia tu. Gunia ni neno la kudanganyana. Lipo gunia, na lipo gunia lenye kilemba juu, yaani lumbesa, ambayo sheria ya vipimo imeikataza. Mzigo usizidi kilo 100. Mtu akinunua kwako "magunia kumi" ya lumbesa, daftari lako litasema kumi, kumbe umempa kumi na mawili au zaidi.

Sasa simu. Wengi wetu tunahifadhi namba kwa jina la mtu peke yake. Baada ya miezi miwili unaona majina manne yanayofanana, hujui yupi ni wa mahindi na yupi ni shemeji. Fanya hivi: anza na zao, kisha kazi ya mtu, kisha mahali. Kwa mfano: VIAZI CHIPSI MAFINGA. VIAZI MAMALISHE UYOLE. NYANYA GENGE KIHESA. Simu hupanga majina kwa kufuata alfabeti, hata kitochi. Ukitafuta herufi V, wanunuzi wako wote wa viazi watajipanga pamoja kama watoto wa shule mbele ya bendera. Jina lake mwenyewe na habari zake nyingine zitakuwa katika daftari.

Ikiwa unauza kwa wageni wanaovuka Kasumulu kutoka Malawi, au Tunduma kutoka Zambia, andika namba yao pamoja na namba ya nchi. Malawi ni +265, Zambia ni +260. Nawe unapowapa namba yako, ondoa sifuri ya mwanzo, weka +255. Wasipofanya hivyo, wakishafika kwao hawatakupata.

Kuna jambo linalowaumiza watu wengi. Simu ikiibiwa au ikitumbukia mtoni, unakwenda kurudisha laini na unapata namba yako ileile. Unafurahi. Kumbe majina hayarudi! Laini mpya inakuja tupu. Anayetumia simu janja anaweza kuweka majina yake katika akaunti ya Google, na akipata simu nyingine yatarudi. Mwenye kitochi hana njia hiyo. Yeye daftari ndilo akiba yake, na lilazwe mahali pakavu, mbali na panya.

Mazoea ya pili ni kupiga simu tatu tu, jioni moja kabla ya siku ya gulio au siku ya kuchimba. Chagua wakati ambao tayari una kazi ya kungoja, kama vile maji ya ugali yanapochemka. Mazoea mapya yakifungwa kwenye kazi ya zamani hayasahauliki upesi. Usipige kwa watu ishirini, vocha itaisha na moyo utakata. Watatu wanatosha. Na usiongee mengi. Tazama mfano huu:

"Shikamoo mama. Ni mimi, yule wa viazi wa Isongole. Jumamosi nachimba. Nikuwekee?"

"Marahaba mwanangu. Niwekee mawili, ila usiniletee vile vidogo."

"Sitaleta vidogo mama, nimeandika."

Mazungumzo yamekwisha. Umeuza magunia mawili yakiwa bado ardhini, na ile habari ya "anataka vikubwa" imefanya kazi yake. Mtu akiona unakumbuka anachopenda, hatafuti mwingine haraka.

Sasa tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka za kwenu. Tuseme una magunia 12. Mnunuzi wa shambani anatoa shilingi 55,000 kwa gunia. Umepiga simu, na mteja wa Mafinga anatoa 68,000, lakini usafiri ni juu yako, 5,000 kwa gunia. 68,000 toa 5,000 ni 63,000. Umezidi kwa 8,000 kila gunia. 8,000 mara 12 ni 96,000. Toa vocha ya 2,000, zinabaki 94,000. Lakini usafiri ukiwa 14,000, hesabu inageuka: umepata 54,000, chini ya bei ya shambani. Hapo muuzie dalali, tena kwa moyo mkunjufu. Safari hii umechagua mwenyewe.

Majina yaliyoandikwa yanakulinda pia na matapeli. Nani hajapata ule ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii"? Ukiwa unadaiwa kweli, unaweza kutuma bila kufikiri. Basi tazama: je, namba iliyoleta ujumbe ina jina katika simu yako? Kama haina, usitume. Mpigie mtu wako kwa namba uliyoihifadhi. Vilevile mteja akikuonyesha ujumbe kwamba amelipa, angalia salio lako mwenyewe kabla mzigo haujapanda garini.

Nawe tunza siri za watu. Namba ya mteja usiigawe ovyo kijiweni. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hata bila sheria, mteja akipigiwa na watu kumi asiowajua, atajua ni wewe.

Wenye simu janja wanaweza kuendelea mbele. Tangu mwaka 2018 ipo programu ya WhatsApp Business. Haiuzwi, ila inakula bando. Ndani yake unaweza kumbandika kila mteja lebo: mteja mpya, ameagiza, anadaiwa. Makampuni ya mjini hulipia programu kubwa zaidi za kompyuta kwa kazi hiyohiyo. Ukizifungua utakuta nini? Jina, namba, alichonunua, tulizungumza naye lini, tutamtafuta tena lini. Ni safu zilezile za daftari lako la kurasa mia. Kwa hiyo asiye na simu janja asijione amebaki nyuma. Aliyebaki nyuma ni yule mwenye simu ya bei kubwa yenye majina mia tatu, na hamjui hata mmoja anataka nini.

ZOEZI

Chora safu saba katika daftari lako: tarehe, jina, mahali, namba, kitu na kilo, bei, neno la kumkumbuka. Jaza watu watano uliowauzia msimu uliopita. Usipomkumbuka mtu, acha nafasi wazi, usibuni.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni watu wangapi wanaojua namba ya mnunuzi zaidi ya mmoja?

2. Mume na mke wanalima pamoja, lakini simu ni moja. Nani aandike, na majina ya wateja yawe mali ya nani?

3. Wakulima sita wakiunganisha majina yao katika daftari moja na kukodi gari moja, usafiri wa gunia utashuka kwa kiasi gani? Ulizeni bei ya gari kwanza, kisha pigeni hesabu.