SOMO: UTAMJUAJE MTU YUKO UPANDE WA NANI?

Somo letu safari hii linatoka mahali ambapo wengi hamkutazamia, yaani katika hadithi ya kubuniwa. Ni vitabu saba vya Harry Potter, vilivyoandikwa na mama mmoja wa Uingereza, J. K. Rowling. Cha kwanza kilitoka mwaka 1997 na cha mwisho mwaka 2007. Filamu zake zilitoka kati ya 2001 na 2011, na vijana wengi wamezijua kwa njia hiyo. Wako wazazi wanaovikataa vitabu hivi kwa sababu vinasimulia shule ya uchawi, nasi hatutaki kubishana nao hapa. Tunataka kumwangalia mtu mmoja tu aliyemo, kwa sababu swali lake ni swali letu sisi tuliokimbia vita.

1. Mwalimu mwenyewe

Anaitwa Severus Snape. Anafundisha kuchanganya dawa katika shule ya Hogwarts. Amevaa nguo nyeusi, nywele zake zina mafuta, na sauti yake ni ya chini, lakini darasa zima hunyamaza anaposema. Anawapendelea wanafunzi wa bweni lake na kuwaonea wengine. Katika kitabu cha tatu kuna kiumbe kinachojigeuza kuwa kile mtu anachokiogopa kuliko vyote. Mbele ya mtoto Neville, kiumbe hicho kilijigeuza kuwa mwalimu Snape.

Tena, zamani Snape alikuwa mfuasi wa Voldemort, mwuaji aliyewaua wazazi wa Harry. Mkuu wa shule, mzee Dumbledore, anasema kwamba anamwamini, lakini sababu yenyewe haielezi.

2. Jinsi walivyomsoma vibaya

Katika kitabu cha kwanza, Harry alikuwa mchezoni, juu ya ufagio unaoruka, na ufagio ukaanza kumtupa huku na huku. Rafiki zake wakamwona Snape amemkazia macho, midomo yake ikinong'ona. Wakasema, ndiye huyu! Kumbe Snape alikuwa akinong'ona ili kumwokoa. Aliyetaka kumwua alikuwa mwalimu Quirrell, mtu mwenye kigugumizi na woga, ambaye hakuna aliyemshuku. Ndiyo maana wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Katika kitabu cha sita, cha mwaka 2005, Snape alimwua Dumbledore, na Harry akaona kwa macho yake. Ni nani angeweza kumtetea tena? Lakini kitabu cha saba kikafunua mambo. Dumbledore alikuwa amekwisha kupatwa na laana isiyo na dawa, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba Snape afanye vile, ili kijana aliyetumwa kumwua asiwe mwuaji.

Na sababu ya kumwamini ilikuwa hii. Tangu utoto wake Snape alimpenda Lily, ambaye baadaye alikuja kuwa mama yake Harry. Snape ndiye aliyempelekea Voldemort habari zilizofanya familia moja iwindwe, asijue kwamba ni familia ya Lily. Alipotambua, alimkimbilia Dumbledore. Lily akafa. Tangu siku zile Snape alikubali kumlinda mtoto aliyebaki, na kurudi kwa Voldemort kama mpelelezi, hata akafa katika kazi hiyo.

3. Tunajifunza nini?

Kwanza, tutenganishe tulichoona na tulichoongeza. Watoto wale waliona kweli midomo ikinong'ona. Uongo uliingia walipojaza maana wenyewe. Sisi tunajua hatari hiyo. Hapa makaoni, neno moja kwenye foleni ya maji, kwamba fulani alikuwa na wale, linatosha kumvunjia mtu nyumba. Pengine ushahidi wote ni lugha anayosema, au kijiji alikotoka, au ndugu yake aliyebaki kule. Kabla ya kulipitisha neno, tuulize: uliona nini, na nani alikuwapo?

Pili, wema wa siri haufuti ubaya wa wazi. Wako wanaosema ilimbidi Snape awe mkali ili adui asimshuku. Lakini hakuna adui aliyemlazimisha kumdhihaki Neville. Tena alimchukia Harry kwa sababu baba yake, James, alimwaibisha walipokuwa wanafunzi. Deni la baba akamdai mtoto, ambaye hata hakumjua baba huyo. Ndugu zetu walimu, na sisi wazazi, tusikie hapa. Mtoto haoni moyo wako. Anaona uso, ulimi na fimbo. Wengi wa watoto wetu tayari wamebeba hofu ya njiani, na wengine wanatazamwa kwa macho ya ugomvi ambao baba zao waliuanza kabla wao hawajazaliwa. Tusiwadai.

Tatu, siri isiyo na shahidi ni mzigo mzito. Mfalme Daudi, alipokuwa mkimbizi mbele ya mwanawe Absalomu, alimrudisha rafiki yake Hushai Yerusalemu ajifanye mtu wa Absalomu. Lakini makuhani Sadoki na Abiathari walijua, na wana wao walipeleka habari. Kwa Snape haikuwa hivyo. Dumbledore alipokufa, hakubaki mtu hai wa kusema, huyu ni wetu. Alichukiwa mpaka saa ya kufa kwake, na hapo ndipo alipompa Harry kumbukumbu zake. Wewe unayejua wema wa jirani anayesingiziwa, usingoje msiba ndipo useme. Ushuhuda wa matangani haumponyi aliyelala kaburini.

Miaka mingi baadaye Harry alimpa mwanawe jina la Albus Severus. Hakusema kwamba mwalimu yule alikuwa mpole, maana hakuwa. Alisema alikuwa shujaa. Kweli zote mbili zilikaa pamoja, na Harry hakuificha hata moja.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Je, yuko mtu tunayemwepuka kwa neno la kusikia tu? Nani alilisema kwanza?
2. Watoto, mwalimu mkali na mwalimu mwonevu wanatofautianaje?
3. Je, tuna deni lolote la wazee tunalowadai watoto wa wenzetu?
4. Ni jirani gani tunayeweza kumshuhudia wema wake wiki hii, angali hai?