Uzinduzi wa Seti Mpya ya Magic: Mgeni Aanzie Hapa

Kama unatamani kujifunza Magic: The Gathering lakini unawaogopa waliobobea, nenda kwenye uzinduzi wa seti mpya. Mchezo huu ulibuniwa na Richard Garfield, ukaanza kuuzwa mwaka 1993, na wapo wachezaji wenye makabati ya kadi za tangu enzi hizo. Siku ya uzinduzi kadi zao zinabaki nyumbani. Kila mtu anakabidhiwa boksi lililofungwa na kucheza na kilichomo. Ndiyo maana hapa Minneapolis, rafiki yeyote akiniuliza aanzie wapi, namwelekeza huko.

Kabla ya siku yenyewe. Uzinduzi hufanyika kwenye maduka ya michezo wikiendi moja kabla ya seti kutoka rasmi, na nafasi dukani huwa chache. Piga simu, jiandikishe, ulipe mapema. Kadi zote mpya huwa zimeshawekwa kwenye tovuti ya Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha mchezo huu. Zipitie jioni moja, uzijue kanuni mpya za seti hiyo. Beba maji, kalamu, karatasi na vifuko vya plastiki vya kukinga kadi.

Kuunda jozi. Ndani ya boksi kuna pakiti 6, kadi moja ya ukumbusho na dadu yenye nyuso 20 ya kuhesabia uhai. Kutoka humo unaunda jozi isiyopungua kadi 40. Mimi hutenganisha kadi kwa rangi zake tano, kisha naangalia rangi mbili zipi zina viumbe wengi wazuri. Usishawishike kuongeza ya tatu kwa sababu ya kadi moja inayong'aa.

Halafu zipange mezani kwa safu, kufuatana na gharama yake ya mana, yaani nguvu ya kulipia kadi: za mana mbili, tatu, nne, kwenda mbele. Safu za mbili na tatu zinatakiwa zijae. Ukijaza kadi za mana sita, utashambuliwa huku mkono umejaa majitu usiyoweza kuyalipia. Weka viumbe kama 15, kadi nane hivi za kuua viumbe wa mpinzani au kusaidia wako, na ardhi 17. Ardhi ndizo zinazotoa mana; zikipungua unakwama, zikizidi unakosa cha kucheza. Ardhi za kawaida duka hutoa.

Mezani. Msalimie mpinzani, mwambie wazi kwamba wewe ni mgeni. Changa kadi zako vizuri, kisha mpe naye azikate. Akiweka kadi usiyoifahamu, omba uisome. Hakuna atakayeshangaa, kwa sababu hata wazoefu wanazisoma kwa mara ya kwanza. Nimewahi kumwona mzee mmoja akimgeuzia kadi yake binti aliyeketi mbele yake, akisubiri hadi amalize kusoma ndipo akaendelea. Mkitofautiana kuhusu kanuni, inua mkono umwite mwamuzi. Katika mashindano ya ngazi hii, kazi yake ni kurekebisha na kufundisha zaidi kuliko kuadhibu.

Kila raundi huchukua dakika 50, na mshindi ni anayetangulia kushinda michezo miwili. Ukifungwa hutolewi: raundi inayofuata unapangwa na mtu mwenye matokeo kama yako. Kwa hiyo mgeni hukutana na mgeni mwenzake, na ushindi wa kwanza mara nyingi hupatikana hapo. Usiondoke mapema.

Baada ya raundi. Watu hubadilishana kadi. Angalia bei kwenye simu kabla ya kukubali, na usione haya kusema utafikiria kwanza. Kisha mwombe mpinzani aliyekushinda aipitie jozi yako pamoja nawe, ikiwa ni pamoja na kadi ulizoziacha. Siku hiyo wengi hufurahi kuulizwa, na dakika kumi za mazungumzo hayo zitakufundisha kuunda jozi bora zaidi seti ijayo ikitoka.