Mawimbi Yasiyo na Leseni

Wanafunzi wengi mmeniuliza kwa nini jioni intaneti ya simu huwa nzito pale sokoni Ujiji, hali vijiti vya mtandao vimejaa. Si umbali wa mnara, ni wingi wa watu. Wote walio karibu na mnara hugawana fungu moja la mawimbi, na fungu hilo haliongezeki kwa kuwa watu wameongezeka.

Fungu hilo kampuni hupewa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wala mwingine haruhusiwi kuligusa. Lakini yako masafa yasiyohitaji leseni, mradi mtu atumie nguvu ndogo. Marekani iliyafungua kwa mawasiliano mwaka 1985, na nchi nyingi zikafuata. Humo ndimo ilimo Wi-Fi, kuanzia megahezi 2400 na tena juu ya 5000. (Hata jiko la mikrowevu hutumia 2450, ndiyo sababu huweza kuivuruga Wi-Fi iliyo karibu.)

Mwaka 2016 wahandisi walikamilisha kanuni za kuiwezesha mitambo ya 4G kuingia humo juu ya 5000. Mfikirie mchanga wa kuanikia dagaa ulio wa watu wote. Ajaye hutazama kwanza palipo wazi, huanika, kisha huanua ili mwenzake apate nafasi. Mtambo nao husikiliza kwanza. Ukisikia Wi-Fi ya mtu inasema, hungoja. Ukipata nafasi hurusha kwa muda usiozidi milisekunde 10, kisha hunyamaza. Amri za simu hubaki katika masafa ya leseni. Picha na video hupitishwa huku. Faida yake si haba: njia moja ya 4G haizidi upana wa megahezi 20, na huku nchi nyingi zimeacha wazi zaidi ya 400.

Walakini msidhani dawa hii itamfaa kila mtu. Nguvu ni ndogo, na mawimbi haya hayapenyi kuta vizuri. Yatafaa sokoni, bandarini au shuleni. Mvuvi aliye mbali ziwani usiku, upepo ukichafuka, hayatamfikia kamwe. Yeye hana budi kutegemea mnara wenye leseni na nguvu zake.

Zoezi: Ikiwa mawimbi huenda mita 300,000,000 kwa nukta moja, tafuteni urefu wa wimbi la megahezi 5000 na la megahezi 900. Lipi litazunguka kilima kwa urahisi zaidi, na kwa nini?