Sabufa ya Laki Mbili na Nusu Inakugharimu Kiasi Gani?

Mavuno yakishaingia ndani, maduka ya vifaa vya umeme mjini Mpanda, mkoani Katavi, hutoa spika barazani na kuzifungulia zote kwa pamoja. Mpunga umeuzwa, tumbaku imelipwa, wachimbaji wadogo wa dhahabu wamerudi mjini na fedha, na kila duka linataka kuonyesha kwamba besi lake ndilo linalotikisa mtaa. Mnunuzi anasimama katikati ya kelele hizo, anasoma "10000W" kwenye boksi, anauliza bei ya mwisho, anabeba.

Makala haya ni yake. Ni ya yule aliyekwisha kukolea pia: ana sabufa sebuleni, sasa anawaza amplifaya, halafu spika mbili za kusimama, halafu boksi jingine la besi. Wapenzi wa muziki wa nyumbani wengi hawafilisiwi na siku ya kwanza. Fedha yao inatoka kidogo kidogo, elfu ishirini leo, elfu hamsini mwezi ujao, na hakuna anayeandika popote.

Tuanze na bei zenyewe. Sabufa ndogo ya mezani, yenye boksi la besi na spika mbili, kwa kawaida huuzwa kati ya shilingi elfu 80 na elfu 150. Yenye boksi kubwa, spika zaidi na taa za kuwakawaka hupanda hadi laki 2, 3 au 4. Saundibaa ya kampuni yenye jina huanzia hapo kwenda juu. Spika ya kubeba mkononi ya JBL, ikiwa halisi, hata ile ndogo kabisa ni vigumu kuipata chini ya laki moja. Ukiuziwa kwa elfu 25, ujue umenunua nembo. Bei hizi hupanda na kushuka kufuata dola, msimu na mdomo wako mwenyewe dukani, kwa hiyo zichukue kama za kukuongoza tu.

Sasa piga hesabu ya pili, ile isiyoandikwa dukani. Chukua mfano wa sabufa ya shilingi 250,000 iliyoagizwa Kariakoo, Dar es Salaam. Nauli ya mzigo kwenye basi hadi Mpanda, tuseme 15,000. Ekstensheni isiyoyeyuka, 20,000. Kifaa cha kukinga umeme unaozidi na kupungua, 35,000. Waya mrefu zaidi wa spika, 10,000. Flashi, 15,000. Fundi mara moja kwa mwaka, 30,000. Jumla ni 375,000, yaani nusu ya bei ya sabufa imeongezeka bila wewe kuongeza spika hata moja. Badilisha tarakimu zangu uweke zako, lakini hizo nafasi saba usifute hata moja. Mtu mwenye laki mbili na nusu mfukoni anapaswa kutafuta sabufa ya laki moja na elfu ishirini na tano.

Umbali nao una bei yake. Kutoka Dar es Salaam mzigo unapita Tabora au unazunguka Mbeya na Sumbawanga, zaidi ya kilomita elfu moja kwa njia yoyote utakayochagua. Lami imepunguza mitikisiko, ila haijakuleta karibu na spea. Kama duka lililokupa waranti liko Kariakoo, waranti hiyo ina maana ya kufunga mzigo upya, kulipa nauli mara mbili na kukaa kimya wiki kadhaa. Ndiyo maana wakati mwingine ni busara kulipa elfu ishirini zaidi kwa muuzaji wa Mpanda mwenyewe, ambaye kesho utamkuta kwenye baraza lake. Kabla hujaagiza chochote, muulize fundi wa mtaani kwako ni aina zipi anazipatia spea. Jibu lake lina thamani kuliko tangazo.

Kuhusu hizo wati elfu kumi. Geuza kifaa, tazama kibandiko cha nyuma karibu na waya wa umeme. Mara nyingi utakuta pameandikwa kitu kama "AC 220V 50Hz 60W". Hiyo 60 ndiyo habari. Kifaa kinachovuta wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati elfu kumi kwenye spika. Hakitatoa hata zote 60, kwa sababu sehemu inapotelea kwenye joto. Tarakimu kubwa ya mbele huitwa PMPO, na haina kipimo kinachokubalika ambacho kila kiwanda hukifuata. Tarakimu ya kuulizia ni RMS, nguvu ambayo kifaa kinaimudu kwa muda mrefu bila kukwaruza. Kibandiko kikiwa hakipo, angalia fyuzi: iliyoandikwa ampea 1 kwenye umeme wa volti 230 haivumilii zaidi ya wati 230 kwa muda mrefu.

Na hata wati za kweli zina udanganyifu wake. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inaongezeka kwa desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio linalitambua bila kulishangaa. Ili muziki usikike umekuwa mkubwa mara mbili, nguvu inatakiwa iongezeke kiasi cha mara kumi. Kwa hiyo aliyehama kutoka amplifaya ya wati 50 kwenda ya wati 100 amelipa bei mbili kwa tofauti ambayo angeipata kwa kununua spika yenye usikivu wa desibeli 90 badala ya 87. Spika ndiyo inayobadilisha sauti nyumbani kuliko kitu kingine chochote. Amplifaya inafuata kwa mbali. Waya wa bei mbaya ni wa mwisho kabisa. Hata Ulaya na Marekani, ambako wapo wanaolipa mamilioni kwa waya wa spika wa mita mbili, waya wa kawaida wa shaba wenye unene wa kutosha unafanya kazi hiyohiyo sebuleni.

Umeme unatisha zaidi kwenye mazungumzo kuliko kwenye LUKU. Sabufa inayovuta wati 50, ikipiga saa 5 kila siku kwa siku 30, inakula uniti 7.5. Mteja wa kundi la D1, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi na tozo; hiyo ni kama shilingi 915. Wa T1, anayelipa karibu 357, atatoa kama 2,680. Hatari kwa D1 ni nyingine: kama nyumba yako inacheza kwenye uniti 70, uniti 7 na nusu za muziki zinaweza kukuvusha mpaka, na hapo haipandi bei ya muziki peke yake.

Kinachoua vifaa ni umeme mbovu. Kwa miaka mingi Mpanda iliishi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya gridi ya taifa, hadi ilipojengwa laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Waliokuwa na redio wakati wa majenereta wanakumbuka taa kufifia jioni na kurudi ghafla kwa mwanga mkali. Laini yoyote, ya zamani au mpya, ikikatika na kurudi inaweza kuja na volti nyingi kwa sekunde chache, na sekunde hizo zinatosha kuunguza transfoma. Kifaa cha kukinga hukata umeme ukivuka kiwango na husubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Hakizuii radi. Mvua za Katavi, kuanzia Novemba hadi Aprili, huja na ngurumo nyingi; mawingu yakishikamana chomoa pini ukutani, na waya wa antena pia. Kuzima kwa rimoti siyo kuchomoa.

Kwa walio kwenye sola, iwe Mishamo, Karema au mashambani Mpimbwe, hesabu ni hii: betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ya maji au jeli haifai kushushwa chini ya nusu. Unabaki na 600. Sabufa ya wati 50 kwa saa 5 inachukua 250, kabla ya taa na simu. Tafuta sabufa ya AC/DC inayokubali volti 12 moja kwa moja. Ukipitia inveta unapoteza sehemu ya nguvu njiani, na inveta za bei rahisi huingiza muungurumo ndani ya spika ambao fundi atautafuta siku nzima bila kuuona.

Spika za mtumba ni uwanja wa wapenzi wa kweli, na hapa napendelea upande mmoja waziwazi: boksi la zamani lililotengenezwa vizuri linaishinda sabufa mpya ya taa za rangi. Ila lipime. Weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, sukuma ndani taratibu na kwa usawa. Ikikwaruza, koili imeungua au imehama. Tazama ukingo wa sponji unaoshika koni. Ukibonyeza ukamomonyoka kama keki kavu, umeoza, na kuubadilisha ni gharama. Kisha chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusa ncha mbili za spika kwa sekunde moja. Spika nzima itatoa mkwaruzo mfupi na koni itaruka. Kimya maana yake imekufa. Mwenye mita apime ukinzani: spika ya omu 8 husoma karibu 6, ya omu 4 husoma 3 na kitu.

Betri hiyohiyo inafichua kosa linalopatikana kwenye nyumba nyingi. Chanya ya betri ikiwa kwenye chanya ya spika, koni hutoka nje. Ikiingia ndani, nyaya zimegeuzwa. Spika mbili zinapopigwa moja ikitoka na nyingine ikiingia, besi zinauana hewani, na mwenye nyumba anakwenda kununua boksi la pili la besi. Geuza nyaya za spika moja kwanza, kisha sikiliza.

Kuongeza spika kwenye amplifaya ileile ndiko kunakowapa mafundi chakula. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4; mbili za omu 4 zinakuwa omu 2. Amplifaya iliyoandikwa nyuma kwamba inakubali omu 4 hadi 8, ikipewa omu 2, italazimishwa kutoa mkondo isioumudu, itachemka, na siku ya sherehe itanyamaza. Ukitaka spika nne, soma namba ya nyuma kabla ya kuvua waya.

Halafu kuna mambo ya bure. Nyumba ya tofali za saruji, sakafu ya vigae na bati lisilo na dari hurudisha sauti kila upande. Maneno ya mwimbaji yanavurugika na mwenye nyumba analaumu spika. Pazia zito, zulia na makochi ya kitambaa hufanya kazi ambayo laki mbili za amplifaya haziwezi. Boksi la besi ukilisogeza kwenye kona linavimba. Ukilitoa nusu mita linatulia. Twita ziwe usawa wa masikio ya aliyeketi, siyo juu ya kabati karibu na paa.

Angalia pia unachokipiga. Wimbo wa dakika 4 wenye megabaiti zisizozidi 4 umebanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde. Ukikaribia 10, ni 320. Nyimbo za kwenye vibanda vya kujazia flashi mara nyingi zimebanwa, zikafunguliwa, zikabanwa tena, na hakuna spika itakayorudisha kilichokatwa. Wimbo mmoja mzuri uliopakuliwa kwa bando lako utakuonyesha kama kweli unahitaji sabufa mpya.

Sauti ikiwa kubwa, sheria nayo ipo: kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hazihusu baa peke yake. Kwa masikio yako, Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, saa 4 tu. Ukilazimika kupaza sauti ili aliye kando yako akusikie, umekwisha vuka.

Usinunue muziki kwa mkopo wa kausha damu. Laki 3 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, ukilipa riba tu kwa miezi mitatu, zinakuwa 480,000 siku unapoumaliza, na sabufa imekwisha shuka bei. VICOBA, au kuweka kidogo kidogo dukani hadi bei itimie, ni njia ya polepole lakini kifaa kinakuwa chako. Mwenye subira anunue miezi ya kilimo, Januari au Februari, wakati baraza za maduka ziko tupu na muuzaji ana hamu ya kuzungumza.

Siku ya kulipa, kijaribu kifaa kwa wimbo unaoujua, kwa sauti ndogo kwanza, kisha kubwa. Dai risiti ya EFD na mwambie muuzaji aandike jina la kifaa, namba yake ya nyuma na muda wa waranti. Karatasi hiyo ndiyo utakayoishika ukiuziwa bandia na kulalamika Tume ya Ushindani, au ukiona ubora wa kifaa wenyewe unatia shaka na kwenda TBS. Boksi na vijazio vyake vyeupe vya ndani usiwape watoto kuchezea: kifaa kikirudi Dar es Salaam kwa matengenezo, ndivyo vitakavyokikinga kwenye buti la basi.