Kwanza Uliza Mfupa: Maswali Yenu Kuhusu Vipandikizi vya Meno

Mwenye pengo la mbele utamjua akicheka: kiganja hutangulia mdomoni. Nimetibu meno miaka mingi, na kiganja hicho bado kinaniuma kukiona. Ndiyo maana maswali haya nayajibu kwa kirefu, hasa kwa kuwa wengi wenu mnauliza bei kabla ya kuuliza habari za mfupa.

Daktari, kipandikizi ni kitu gani hasa? Mtaani wanasema ni msumari unaopigiliwa kwenye taya.

Si msumari, na hakuna nyundo. Ni skrubu ndogo ya titani, kwa kawaida unene wa milimita 3 hadi 5 na urefu wa milimita 8 hadi 13, inayokaa ndani ya mfupa mahali ulipokuwa mzizi. Juu yake hufungwa kiungo, na juu ya kiungo huvikwa kofia yenye umbo na rangi ya jino. Watu wataiona kofia tu, lakini kazi yote iko chini ya ufizi.

Sifa ya titani iligunduliwa bila kutafutwa. Mwaka 1952, mjini Lund, Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura, kwa kutumia kijidirisha cha titani alichokipachika humo. Alipotaka kukitoa, hakikutoka. Mfupa ulikuwa umeota ukakishika. Mwaka 1965 alimwekea Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya, vipandikizi vinne katika taya la chini. Larsson alivitumia mpaka alipofariki mwaka 2006.

Nilianguka na bodaboda wiki mbili zilizopita, jino la mbele likavunjika mpaka mzizini. Nimeambiwa siku hizi linang'olewa na kupandwa jingine siku hiyohiyo. Ni kweli?

Pole sana, kaka. Ni kweli, ila si kwa kila mtu. Zamani tulimwekea mgonjwa skrubu, tukashona ufizi juu yake, tukasubiri miezi mitatu kwa taya la chini na hata sita kwa la juu ndipo tuvike kofia. Leo uso wa skrubu hukwaruzwa kwa mchanga maalumu na kuoshwa kwa asidi, na mfupa huushika upesi zaidi kuliko ule laini wa zamani.

Kwako nitaangalia kwanza ukuta wa mfupa ulio mbele ya jino, upande wa mdomo. Ni mwembamba sana, na ajali huondoka nao mara nyingi. Kama umebaki mzima, hakuna usaha, na skrubu imekaza vizuri kwenye ile spana yetu ndogo yenye kipimo cha nguvu, unaweza kutoka na jino la muda siku hiyohiyo. Hilo ni la kutokea mbele za watu tu. Nalipunguza makusudi lisigusane na meno ya chini, maana skrubu ikitikisika wiki za mwanzo, mfupa hautaishika. Mahindi ya kuchoma na miwa visubiri.

Mkimbilie anayetoboa polepole. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja, sehemu hiyo huumia na huenda isipone vizuri, kwa hiyo tunatoboa kwa hatua, keekee nyembamba kwanza kisha nene zaidi, maji baridi yenye chumvi yakitiririka muda wote. Ganzi ikishika, mgonjwa husikia mtetemo tu. Miezi ikipita, hukigonga kipandikizi kwa mpini wa kioo changu cha mdomoni. Kilichoshikwa hulia kwa sauti kali na safi, kama kijiko kwenye glasi. Kisichoshikwa hutoa mlio mzito, nami huishiwa nguvu hata kabla ya kumwambia mgonjwa neno. Baada ya hapo ni picha ya eksrei kuthibitisha.

Mwanangu daktari, nina miaka 68, sina hata jino moja chini. Meno ya bandia ya kuvua nimeyatumia miaka 15, sasa yanacheza hata nikisalimia watu. Nimechelewa?

Shikamoo mama. Hujachelewa, ila mfupa wako umepungua, na hilo ndilo linalofanya meno yacheze. Taya huushikilia mfupa kwa ajili ya meno. Jino likitoka, mfupa uliolizunguka huanza kuyeyuka, na mwaka wa kwanza ndio unaopoteza zaidi. Ningefurahi kama kila anayeng'olewa jino angeambiwa jambo hili kabla hajashuka kitini.

Utapigwa picha ya CT inayoonyesha taya pande zote tatu, urefu, unene na kina. Kwenye taya la chini tunatafuta njia ya mshipa wa fahamu unaokwenda mdomoni. Tunakaa mbali nao angalau milimita 2, la sivyo mdomo unaweza kubaki na ganzi. Juu, nyuma kwenye magego, kuna uwazi wa hewa kando ya pua. Mfupa ukiwa haba pale, sakafu ya uwazi huo huinuliwa na kujazwa chembechembe za mfupa, kisha husubiriwa miezi. Njia nyingine ni ya daktari wa meno Paulo Malo wa Lisbon, Ureno: vipandikizi vinne hubeba safu nzima ya meno, viwili vya nyuma vikiwekwa mshazari ili kukwepa sehemu zilizokonda.

Lakini kwako, mama, ningeanza na jambo dogo zaidi. Vipandikizi viwili tu mbele ya taya la chini, vyenye vifungo vya kubana, na meno ya kuvua yanayobana juu yake. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwaka 2002 walisema hilo ndilo liwe chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno. Gharama ni ndogo kuliko safu nzima, na nyama utaitafuna.

Nina kisukari na ninavuta sigara.

Kisukari kilichodhibitiwa hakikuzuii. Leta majibu ya kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Sigara inanitisha zaidi, kwa sababu hupunguza damu kwenye ufizi na kidonda huchelewa kupona. Iache kabla ya upasuaji na usiirudie. Na yeyote anayetumia dawa za kuimarisha mifupa au za saratani aseme mapema.

Chuma hakiozi. Basi nikishawekewa nimemaliza?

Hakiozi, lakini ufizi na mfupa vinavyokizunguka huugua. Jino la asili limeshikwa na nyuzi zinazohisi. Kipandikizi hakina nyuzi hizo, kwa hiyo mfupa unaweza kuliwa kimyakimya bila maumivu. Nilikuwa na mgonjwa aliyerudi baada ya miaka sita akilalamikia harufu tu. Nusu ya mfupa ilikuwa imekwenda. Ukiona damu unapopiga mswaki, njoo wiki hiyohiyo. Na siku unayowekewa, dai kadi yenye jina la kampuni na saizi ya skrubu, uitunze pamoja na kitambulisho. Kila kampuni ina bisibisi yake. Bila kadi, daktari atakayekupokea miaka kumi ijayo atakuwa anabahatisha.

Binti yangu ana miaka 15. Alipokuwa mchanga bibi yake alimpeleka akatolewa "meno ya plastiki". Chonge mbili za chini hazikuota kamwe. Naweza kumpandia sasa?

Dada, hayo hayakuwa ya plastiki. Yalikuwa machipukizi ya chonge za utotoni, na anayeyachokonoa huweza kuharibu na chonge za ukubwani zilizolala chini yake. Bibi alitaka kumwokoa mtoto na homa na kuharisha. Usimlaumu, ila wadogo zake wasipelekwe.

Kupanda sasa, hapana. Taya la binti bado linakua, na kipandikizi hakikui nalo. Meno ya jirani yatapanda, chake kitabaki chini. Mtengenezee meno mepesi ya kuvua ya kumshikia nafasi, na mlete kila mwaka. Picha mbili zilizopishana mwaka zikilingana, taya halijasogea, hapo nitaandaa ganzi.